Programu ya Python Isiyochoka Kuunganika: WebSocket Kutoka Tabora

WebSocket ni itifaki inayoziwezesha programu mbili kuzungumza kwa muda mrefu juu ya muunganisho mmoja, kila upande ukituma ujumbe wakati wowote bila kusubiri kuulizwa. Ilirasimishwa Desemba 2011 kwa waraka wa RFC 6455. Kabla ya hapo, programu iliyotaka habari mpya ililazimika kuiuliza seva mara kwa mara, na kila swali lilibeba vichwa vya HTTP vyenye mamia ya baiti hata pale ambapo hapakuwa na jipya. Kwa anayelipia bando, tofauti hiyo inahesabika. Programu inayouliza kila baada ya sekunde 10 hutuma maswali 8,640 kwa siku. Kila swali na jibu lake likigharimu kilobaiti moja tu, zaidi ya megabaiti 8 huteketea kila siku bila habari yoyote kupatikana.

Kwa waandishi wa Python, maktaba iliyozoeleka kwa kazi hii ni websockets, kazi ya Aymeric Augustin. Imejengwa juu ya asyncio, sehemu ya Python iliyoingia katika toleo la 3.4 mwaka 2014 na kurahisishwa mwaka uliofuata kwa maneno async na await. Zipo nyingine. aiohttp ina mteja wake wa WebSocket, na anayeitumia tayari kwa shughuli za HTTP hana sababu ya kuongeza maktaba ya pili. Hapa inafuatwa websockets kwa sababu inafanya jambo moja, inalifanya vizuri, na nyaraka zake zinasomeka.

Jambo la kwanza la kuangalia ni toleo. Mwaka 2024 maktaba hii iliandikwa upya kwa sehemu kubwa: toleo la 13 lilileta msimbo mpya wa asyncio, na toleo la 14 likaufanya kuwa ndio wa kawaida. Mafunzo mengi yanayozunguka mitandaoni ni ya zamani. Dalili yake ni kigezo extra_headers, ambacho katika msimbo mpya kinaitwa additional_headers. Ili kuepuka mkanganyiko, inafaa kuagiza connect moja kwa moja kutoka websockets.asyncio.client, kwa kuwa anwani hiyo ina msimbo mpya peke yake.

Kasoro kubwa ya mafunzo hayo, hata yaliyo mapya, ni kwamba huandikwa kana kwamba seva iko chumba cha pili na umeme haukatiki. Mwandishi wa programu aliye Tabora, Urambo, Kaliua au Uvinza, magharibi mwa Tanzania, anahitaji ushauri wa aina nyingine. Kwake, kufungua muunganisho ni mistari mitatu, na kazi yote iliyobaki ni kujua la kufanya unapokatika.

Mfano utakaofuatwa ni kifaa kidogo, tuseme Raspberry Pi, kilichofungwa katika ghala la asali wilayani Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora. Asali hufyonza unyevu wa hewa, na ile yenye maji yanayozidi asilimia 20 iko katika hatari ya kuchacha, kwa hiyo mwenye ghala ana sababu ya kufuatilia joto na unyevu. Kifaa kinapima kila dakika na kupeleka vipimo kwenye seva. Seva nayo hurudisha amri, kwa mfano ya kuwasha feni. Ni amri hizo zinazoihalalisha WebSocket. Kifaa kinachotuma kipimo kimoja kwa saa na kisichopokea chochote kinatosheka na ombi la kawaida la HTTP, na kukilazimishia muunganisho wa kudumu ni kujitafutia kazi.

Umbali na kukatika

Watu wengi hudhani tatizo la mikoa ya magharibi ni umbali. Zamani lilikuwa hivyo kweli. Wasafiri Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, mahali palipo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Msafiri mwingine, Stanley, alitoka Bagamoyo Machi 1871, akapita Mpwapwa na Ugogo, akaingia Unyanyembe, eneo hilohilo la Tabora, mwezi Juni. Barua, vitambaa na pembe zilikwenda kwa mwendo wa wapagazi, na aliyekuwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, alisubiri wiki kadhaa zaidi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi ikawa siku. Kuanzia mwaka 2009 serikali ilipoanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, siku zikawa milisekunde.

Ni milisekunde ngapi? Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ni kilomita 840 hivi, na mkongo wenye urefu kama huo ungemaliza safari ya kwenda na kurudi kwa milisekunde 8 na ushei. Seva iliyoko Ulaya iko mbali kilomita 10,000 au zaidi kwa njia ya nyaya za baharini, na hakuna ufundi utakaoishusha safari hiyo ya kwenda na kurudi chini ya milisekunde 100. Kwa hesabu hiyo, aliye Tabora anazidiwa na wa Dar es Salaam kwa kiasi kidogo mno kisichostahili kuumiza kichwa. Wote wawili wako mbali na Ulaya kwa kiwango kilekile.

Linalostahili kuwaziwa ni kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani zake. Hilo ni la nchi nzima. Ndani ya wilaya kuna mengi madogo zaidi: umeme kukatika, mnara wa simu kuishiwa betri, laini kuhama kutoka mtandao wa kasi kwenda wa polepole mvua inaponyesha, bando kuisha saa nane usiku. Programu-mteja ichukulie kwamba muunganisho utakatika kila siku, na iandikwe hivyo tangu mstari wa kwanza.

Umbali una athari mahali pamoja tu, nao ni mwanzoni. Kufungua muunganisho wa wss, yaani WebSocket iliyosimbwa, kunahitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi: moja ya TCP, moja au mbili za usimbaji wa TLS, na moja ya ombi la HTTP lenye kichwa cha Upgrade, ambalo seva hulijibu kwa namba 101. Safari moja ikichukua milisekunde 200, ufunguzi mzima unakaribia sekunde moja hata mtandao ukiwa na afya. Baada ya hapo kila ujumbe hulipa nusu ya safari tu, na ndiyo sababu muunganisho ukishafunguka hutunzwa. Maktaba hukata tamaa ya kufungua baada ya sekunde 10. Penye mtandao dhaifu ni vema kigezo open_timeout kipandishwe hadi 30, la sivyo programu itaacha jaribio ambalo lilikuwa karibu kufaulu na kuanza upya, ikichoma bando kwa salamu za mwanzo peke yake.

Kazi zisizosubirishana

Ndani ya asyncio kuna kitanzi kimoja cha matukio kinachoendesha korutini nyingi, yaani kazi zilizoandikwa kwa async def, kwa zamu. Zamu haibadiliki ovyo: hubadilika pale korutini inapofika kwenye await. Reli ya Kati ile ya zamani, ya upana wa mita moja, ni njia moja, na treni hupishana stesheni tu. Treni ikikwama porini kati ya Itigi na Tabora, ya Kigoma na ya Mwanza zote zinangoja, hata kama zenyewe ni nzima. Kila await ni stesheni, na korutini isiyofika kwenye stesheni huizuia njia nzima.

Vinavyokwamisha njia vinajulikana. Cha kwanza ni time.sleep, ambayo hulaza programu yote. Mahali pake ni await asyncio.sleep. Cha pili ni maktaba ya requests, nzuri kwa kazi nyingine lakini isiyojua lolote kuhusu kitanzi cha matukio. Cha tatu, ambacho wengi hawakitarajii, ni usomaji wa kipimo chenyewe. Vipima-joto vya bei nafuu huweza kuchukua sekunde nzima au zaidi kutoa jibu, hasa usomaji wa kwanza ukishindikana na kurudiwa. Kazi ya aina hiyo hupelekwa pembeni kwa await asyncio.to_thread, iliyopo tangu Python 3.9, na kitanzi huendelea na shughuli zake.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba hujificha. Kitanzi kikizuiwa, maktaba haipati nafasi ya kujibu wala kuhesabu ujumbe mdogo wa kuulizana hali (ping), na hatimaye muunganisho hufungwa kwa maelezo "keepalive ping timeout". Mwandishi wa programu husoma maneno hayo na kuulaumu mtandao. Kabla ya kununua laini ya kampuni nyingine, ni busara kwanza kuipitia programu na kutafuta kila mahali inapokaa zaidi ya sehemu ndogo ya sekunde bila await.

Mifupa ya programu

Programu ya ghala ina kazi mbili zinazokwenda pamoja: kutuma vipimo na kupokea risiti na amri. Msimbo ufuatao unahitaji Python 3.11 au toleo la baadaye. Daftari linaelezwa baadaye, na fanya ni korutini ya kutekeleza amri, ambayo mwandishi huiandika mwenyewe.

```python
import asyncio, json, random
from websockets.asyncio.client import connect
from websockets.exceptions import ConnectionClosed

ANWANI = "wss://example.com/vipimo"

async def tuma(ws, daftari):
    while True:
        kipimo = await daftari.kinachofuata()
        await ws.send(json.dumps(kipimo))

async def pokea(ws, daftari):
    while True:
        ujumbe = json.loads(await ws.recv())
        if ujumbe["aina"] == "risiti":
            daftari.futa(ujumbe["namba"])
        else:
            await fanya(ujumbe)

async def kuu(daftari):
    async for ws in connect(ANWANI, open_timeout=30):
        daftari.rudi_mwanzo()
        try:
            async with asyncio.TaskGroup() as kundi:
                kundi.create_task(tuma(ws, daftari))
                kundi.create_task(pokea(ws, daftari))
        except* ConnectionClosed:
            print("umekatika, namba", ws.close_code)
        await asyncio.sleep(random.uniform(2, 10))
```

Mstari wenye uzito ni async for ws in connect. Mafunzo mengi huonyesha async with, ambayo hufungua muunganisho mmoja na kuishia hapo. async for hurudia: muunganisho ukifa, hutafuta mwingine. Ikishindwa kuupata, husubiri kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi tena, hadi ukomo wa sekunde 90 kati ya jaribio na jaribio. Muda wa kwanza wa kusubiri huchaguliwa kwa bahati nasibu, na hilo limefanywa kwa makusudi. Umeme ukirudi mji mzima kwa pamoja, vifaa vyote huamka dakika ileile. Vikibisha hodi kwenye seva sekunde ileile, vitaiangusha.

Pana mtego hapo ambao huonekana baada ya programu kwenda kazini. Muunganisho uliofaulu kufunguka hufuta hesabu ya kusubiri. Seva ikiupokea na kuufunga papo hapo, labda kwa sababu ina hitilafu ndani, programu itarudi mara moja, itafungiwa tena, na itarudi tena bila kupumzika. Ndiyo maana mstari wa mwisho wa msimbo unalala kati ya sekunde 2 na 10 kila baada ya muunganisho kufa. Usingizi huo hauidhuru programu ya ghala, na unaweza kuokoa bando la mwezi mzima.

Maktaba pia hutofautisha makosa ya kupita na ya kudumu. Mtandao ukikosekana, au seva ikijibu 500, 502, 503 au 504, inaendelea kujaribu. Ikijibu 401 au 404, hutoa kosa na kitanzi kinakoma, kwa sababu, kwa mfano, tokeni ya kujitambulisha isiyo sahihi haitakuwa sahihi kwa kurudiwa. Huo ni uamuzi mzuri wa kuachwa ulivyo. Anayefunika kila kosa kwa except Exception ili "programu isife" hupata programu inayoishi bila kufanya kazi, na atagundua hivyo wiki kadhaa baadaye.

TaskGroup huzifunga kazi mbili pamoja: moja ikianguka, ya pili hufutwa, hivyo haiwezekani upokeaji ukafa huku utumaji ukiendelea kumwaga vipimo kwenye muunganisho mfu. Kwa kuwa makosa hutoka yakiwa kundi, hukamatwa kwa except* yenye nyota. Humo ndani Python hairuhusu continue, break wala return, na programu yenye neno mojawapo kati ya hayo haitaanza kabisa.

Katika pokea kumetumika recv ndani ya while, ingawa maktaba inaruhusu pia async for ujumbe in ws, iliyo fupi na yenye kupendeza. Tofauti huonekana seva inapofunga kwa adabu, kwa namba 1000 au 1001. async for huisha kimya bila kutoa kosa. pokea ingemalizika, na tuma ingebaki imekaa ikingoja kipimo kijacho bila kujua kwamba upande wa pili umeshaondoka. recv hutoa kosa, muunganisho ufungwe kwa adabu au ukatike ghafla, na kundi zima huvunjika mara moja. Ni vema pia recv iitwe na korutini moja tu. Mbili zikiita kwa wakati mmoja, maktaba hukataa, kwa kuwa haiwezi kujua ujumbe ni wa nani. send haina sharti hilo.

Muunganisho uliokufa bila kusema

Kukatika kubaya zaidi ni kule kusikotangazwa. Programu ya upande wa pili ikizimwa vizuri, hutuma fremu ya kufunga na kila mtu anajua. Mnara wa simu ukizimika, hakuna anayetuma chochote. Kompyuta ya Sikonge inaendelea kuamini kwamba muunganisho uko hai, send inafaulu, na vipimo vinarundikana kwenye hifadhi ya mfumo wa uendeshaji vikingoja njia ambayo haipo. Hali hiyo inaweza kudumu dakika nyingi.

Kuna chanzo kingine cha vifo hivi, nacho hakihitaji umeme kukatika. Kampuni za simu duniani kote huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na kifaa kinachotunza orodha ya miunganisho yao hufuta ile iliyokaa kimya muda mrefu. Ghala jingine, linalotuma kipimo kimoja kila baada ya nusu saa, linaweza kukuta muunganisho wake umeshafutwa njiani.

Dawa ya yote mawili ni ping. Kila baada ya sekunde 20 maktaba hutuma fremu ndogo ya ping, na upande wa pili unatakiwa kujibu kwa pong ndani ya sekunde 20 nyingine. Usipojibu, muunganisho huhesabiwa kuwa umekufa. Kwa hiyo kifo cha kimya hugunduliwa ndani ya sekunde 40 hivi, na njia haikai kimya kiasi cha kufutwa. Gharama yake si kubwa. Ping na pong yake, pamoja na vifungashio vya TLS na TCP, ni baiti 200 na kidogo. Kwa siku ni ping 4,320, sawa na karibu megabaiti moja, au megabaiti 30 kwa mwezi. Seva ikituma zake pia, hesabu huongezeka mara mbili. Anayebana matumizi anaweza kupandisha ping_interval hadi 45 au 60, akikubali kuchelewa kugundua kifo. Kuizima kabisa kwa ping_interval=None, kama wengine wanavyoshauri ili "kuondoa makosa ya ping", ni kuondoa jicho pekee linaloona.

Penye mtandao wa polepole kigezo cha kugusa kwanza ni ping_timeout. Laini iliyozidiwa jioni, wakati watu wote wako kwenye simu, inaweza kuchelewesha pong kwa sekunde nyingi bila muunganisho kuwa na tatizo, na kuukata wakati huo ni kujiongezea salamu za mwanzo kwenye njia iliyokwisha kuelemewa. Sekunde 40 au 60 zinafaa zaidi hapo.

Kutuma si kufika

send ikimalizika bila kosa, maana yake ujumbe umekabidhiwa kwa mfumo wa uendeshaji. Haina maana kwamba seva imeupata. Programu nyingi huanguka hapa. Hufuta kipimo mara tu baada ya send, mnara unazimika sekunde hiyo, na kipimo hakipo Sikonge wala kwenye seva. WebSocket yenyewe haina risiti ya ujumbe mmojammoja, kwa hiyo lazima itengenezwe na pande mbili zinazozungumza.

Njia iliyo rahisi ni daftari la kudumu. Kila kipimo huandikwa kwanza kwenye jedwali la SQLite, ambayo huja pamoja na Python, na kupewa namba inayopanda. Kisha hutumwa kikiwa na namba hiyo na jina la kifaa. Seva ikishakihifadhi hurudisha risiti yenye namba ileile, na hapo ndipo mstari unafutwa. Muunganisho ukikatika, rudi_mwanzo hukirudisha kidole kwenye mstari wa zamani zaidi usio na risiti, na utumaji unaanzia hapo. Inawezekana kipimo kikafika mara mbili, kwa sababu risiti nayo huweza kupotea njiani. Seva iandikwe iikubali namba iliyokwisha kuiona, itoe risiti tena na isihifadhi mara ya pili.

Amri zinazotoka kwenye seva zinataka uangalifu wa upande mwingine. "Washa feni" ikifika mara mbili haina neno. "Badili hali ya feni" ikifika mara mbili inazima ilichowasha. Ni vema amri zote ziandikwe kwa namna ya kwanza, zikitaja hali inayotakiwa. Ziwe pia na muda wa kuisha, maana amri iliyokwama siku mbili haipaswi kutekelezwa kwa sababu tu mtandao umerudi.

Kipimo kimoja kwa dakika ni mistari 1,440 kwa siku, na wiki nzima ya kukosa mtandao ni 10,080, ambayo kwa kadi ya kumbukumbu ni kitu kidogo sana. Ugumu uko wakati wa kurudi. Kutuma elfu kumi mfululizo, kila kimoja na risiti yake, ni kupoteza muda na bando. Vikifungwa hamsini hamsini katika ujumbe mmoja, safari hupungua sana. Kuvifunga vyote pamoja ni kosa kwa upande mwingine: kwa kawaida maktaba hukataa kupokea ujumbe unaozidi mebibaiti moja, na seva iliyojengwa nayo itafunga muunganisho kwa namba 1009. Programu isiyosoma namba hiyo itajaribu tena na rundo lilelile, na itafungiwa tena.

Namba za kufunga, kwa hiyo, zihifadhiwe kila mara. 1001 mara nyingi ni seva inayozimwa kwa matengenezo. 1006 haitumwi na mtu yeyote. Maktaba huiandika yenyewe pale muunganisho ulipokufa bila kuaga, na katika ghala la mfano ndiyo itakayoonekana mara nyingi. 1008 ni kuvunja masharti ya seva, ambalo kwa kawaida huhitaji mtu kuingilia. 1011 ni hitilafu ya ndani, na maktaba huitumia pia pong inapokosekana.

Saa, cheti na siri

Umeme ukirudi baada ya kukatika, vifaa vingi vya aina ya Raspberry Pi havijui ni saa ngapi, kwa sababu havina betri ya saa. Huanza na tarehe ya nyuma hadi vipate mtandao na kusahihishwa. Katika muda huo wss inaweza kukataa kufunguka: cheti cha seva huonekana bado hakijaanza kutumika. Ujumbe wa kosa hutaja cheti, na mwandishi aliyechoka hushawishika kuzima ukaguzi wa vyeti. Hilo lisifanywe kamwe, kwa kuwa huacha mlango wazi kwa yeyote aliye katikati ya njia. Programu isubiri saa isahihishwe, au kifaa kiongezewe saa yenye betri, ambayo bei yake ni ndogo. Kila kipimo kiandikwe kwa saa ya UTC. Saa za Tanzania ziko mbele yake kwa saa 3, na kuzionyesha ni kazi ya ukurasa wa msomaji.

Tokeni ya kujitambulisha hupelekwa kwa additional_headers, kwenye kichwa cha Authorization. Ikiwekwa ndani ya anwani, itabaki kwenye kumbukumbu za kila seva na kila kifaa kilicho njiani kinachosoma anwani.

Kubana ujumbe hakuhitaji maneno mengi. Maktaba huomba yenyewe, na seva ikikubali, ujumbe unaofanana hupungua ukubwa. Kifaa chenye kumbukumbu ndogo sana kinaweza kukuzima kwa compression=None.

Kujaribu na kukabidhi

Programu ya aina hii haijajaribiwa mpaka imekatiwa njia kwa kila namna. Kuizima seva kwa utaratibu hakutoshi, kwa sababu huko ni kufunga kwa adabu. Kinachoiga mnara uliozimika ni kuiamuru kompyuta itupe pakiti zote kimyakimya. Kwenye Linux, iptables yenye lengo la DROP kwa anwani ya seva hufanya hivyo, na programu iliyoandikwa vema itagundua ndani ya muda wa ping. Amri ya tc yenye netem huongeza ucheleweshaji na upotevu: milisekunde 300 na asilimia 10 ya pakiti zikipotea ni mazingira yanayofichua makosa mengi ndani ya saa moja. Jaribio la tatu ni kuchomoa umeme wa kifaa chenyewe katikati ya kutuma, kukirudisha, na kulinganisha namba zilizo kwenye seva na zilizo kwenye daftari. Pengo lolote kwenye namba ni kosa la programu, hata kama limetokea mara moja.

Kujua kama tatizo liko kwenye seva au kwenye msimbo, amri python -m websockets ikifuatiwa na anwani hufungua mazungumzo ya moja kwa moja kutoka kwenye dirisha la amri. Ikifunguka hapo na isifunguke kwenye programu, kosa liko kwenye programu. Kwa undani zaidi, kumbukumbu zenye jina websockets zikiwekwa kwenye kiwango cha DEBUG huonyesha kila fremu inayoingia na kutoka, pamoja na ping. Kiwango hicho kiondolewe baada ya uchunguzi, kwa sababu huijaza kadi haraka.

Kifaa kinapokabidhiwa kwa mwenye ghala, programu iwe chini ya systemd yenye Restart=always na RestartSec ya sekunde 30 au zaidi, ili programu iliyoangushwa na kosa ianzishwe upya bila kuzungushwa mfululizo. Toleo la websockets lililojaribiwa liandikwe kwa namba yake kamili kwenye orodha ya mahitaji, lisije likabadilika siku ya kusakinisha kifaa cha pili. Kwenye ukurasa anaousoma mwenye ghala kuwe na saa ya kipimo cha mwisho kilichopata risiti, iandikwe kwa herufi kubwa juu ya joto na unyevu. Bila saa hiyo, nyuzi joto 27 za juzi haziwezi kutofautishwa na za sasa.